Mzee wa Mbeya anaposhuka Kyela: maswali kuhusu joto

Sisi tunaishi kwenye baridi. Joto linatuhusu nini?

Linawahusu sana, kwa sababu hamjalizoea. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500 tu. Basi la asubuhi linamtoa mzee na sweta lake Uyole, mchana yuko kwenye joto la kulowesha shati. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeshuka Usangu, au anayetoka Iringa mjini kwenda Pawaga, hasa kati ya Septemba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na wa mzee huchelewa zaidi. Kwa hiyo siku za mwanzo asipelekwe shambani mchana, hata kama mwenyewe anasema ana nguvu.

Mama ana miaka 74. Nikimpa maji anasema hana kiu. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, ila usiingoje kiu yake. Umri ukienda, hisia ya kiu hupungua na figo hazihifadhi maji kama zamani, kwa hiyo anaweza kupungukiwa maji bila kuhisi lolote. Kuna sababu nyingine ambayo wazee wengi hawaisemi: choo kiko nje, usiku ni giza, magoti yanauma, basi bora asinywe. Muulize kwa upole. Ndoo yenye mfuniko chumbani au tochi karibu na kitanda inaweza kusaidia kuliko maneno mengi.

Mpe kidogo kidogo kutwa nzima: maji, uji mwepesi, chungwa, tikiti. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayajatosha. Lakini kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari amempimia kiasi cha kunywa, usikizidishe bila kumuuliza.

Baba anatumia dawa za presha. Aziache akiwa kwenye joto?

Hapana, asiache. Ila zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo, na jasho likijumlishwa presha inaweza kushuka mno. Kabla ya safari apite kliniki, aonyeshe vidonge vyake vyote. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kizunguzungu cha namna hii. Anayetumia insulini asiiache garini wala chini ya bati. Kama hakuna friji, aifunge vizuri kwenye mfuko usioingiza maji, aiweke ndani ya chungu chenye maji, kivulini.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi?

Mwanzoni hutoka jasho jingi, kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, misuli inakaza, anaishiwa nguvu. Mtoe juani, mlegeze nguo, mpe maji au ORS (unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji safi).

Akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, na mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo huanza kuumia. Tafuta gari la kumpeleka hospitali, na papo hapo anza kumpoza: mwagie maji ya kawaida, mpepee kwa kanga au ungo, weka vitambaa vibichi shingoni, makwapani na kwenye kinena. Endeleeni hivyo hata njiani. Aliyezimia asinyweshwe chochote, atapaliwa.

Nawasihi msiseme "ni uzee tu". Mzee aliyekuwa akiongea vizuri asubuhi, kisha jioni hajui yuko wapi, anaumwa.

Nyumba ya bati bila dari tufanyeje?

Mchana akae chini ya mwembe, usiku madirisha yenye nyavu yafunguliwe. Nguo ziwe nyepesi, za pamba. Na pombe, iwe komoni au kimpumu, isihesabiwe kuwa maji, inayatoa mwilini.

Homa akiwa Kyela: ni joto au malaria?

Huwezi kujua kwa kumshika paji la uso. Mtu aliyekulia kwenye baridi hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria, na ikimpata humwangusha haraka. Mpoze, kisha apimwe siku hiyo hiyo. Chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi lake kabla hajapanda basi.