Kusoma si kujitangaza

Ukionekana na riwaya ya mapenzi baina ya wanaume wawili, utasikia: kumbe nawe umo! Kana kwamba kila msomaji wa hadithi za upelelezi ni mpelelezi. Tazama Japani. Miaka ya 1970 hadithi za mapenzi baina ya wavulana zilichipuka katika majarida ya katuni ya wasichana, zikichorwa na wanawake kama Moto Hagio na Keiko Takemiya. Wasomaji wao wengi walikuwa wasichana. Wahakiki husema mapenzi ya wavulana yaliwapa nafasi ya kuwazia penzi lisilomfunga msichana kwenye ndoa na jiko. Baadaye mashabiki wa kike wakajiita fujoshi, yaani “wasichana waliooza”, kwa kujitania tu. Mashoga nao husoma, bila shaka.