Umeme ukikatika, hapo hapo chomoa kompyuta, usisubiri urudi

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Msimu huu wa mvua malalamiko ya kompyuta kuungua yamezidi, na mengi yanaanza vile vile: umeme ulikatika, nikakaa nasubiri, uliporudi tu nikasikia pa! na harufu ya kuungua. Watu wengi wanaona umeme ukishakatika basi hatari imepita, kumbe ndo kwanza inakuja. Umeme ukirudi kwenye laini, mafriji, AC na pampu za maji za mtaa mzima zinavuta kwa pamoja, volti inashuka inapanda mpaka itulie, na kompyuta yako ikiwa imo kwenye soketi inayapokea yote hayo. Kwa hiyo chomoa pale pale umeme unapokatika. Umeme ukirudi subiri dakika tano hivi, tazama taa na feni vimetulia, ndo uchomeke.

Na nikisema chomoa nakusudia utoe plagi, sio kuzima swichi ya ukutani. Radi haijali swichi. Chomoa na waya wa dishi na waya wa intaneti uliotoka nje, maana watu wanakumbuka plagi tu, halafu umeme wa radi unaingilia kwenye ule waya mwengine.

Wapo wanaosema eti umeme wa bara ni mkubwa sana ndo unaotuunguzia vitu. Jamani, hapana. Kweli waya wa chini ya bahari unaoingia Fumba unabeba volti 132,000, na ule wa Tanga kuja Pemba, tuloanza kuutumia 2010, ni volti 33,000, lakini unapunguzwa kwenye vituo na transfoma mpaka unapofika kwako ni 230. Tatizo mara nyingi liko karibu na nyumba. Chumvi ya bahari inakula viungo vya waya, upepo unatikisa, siku moja nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, inaachia. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba yenye matumizi madogo inaweza kupata volti kukaribia 400 wakati ya jirani taa zimefifia, ndo maana unasikia "mbona kwake hakikuungua kitu?". Ukiona taa zinang'aa kuliko kawaida au feni inakimbia isivyo kawaida, zima meni swichi kwanza, maswali baadae.

Sasa hizi eksitensheni. Kile kitaa chekundu sio kinga, ni kitaa tu. Kinga ya kweli, saji protekta, imeandikwa jouli zake, yaani kipimo cha nguvu inayoweza kumeza, tafuta ya 1000 kwenda juu, na ndani ina kitu kinachomeza umeme uliozidi na kuuteremsha kwenye ethi, ule waya unaokwenda ardhini. Kila kikimeza kinachoka, kwa hiyo ya miaka mingi usiitegemee. Na kama nyumba haina ethi, sehemu kubwa ya kinga hiyo imepotea. Hili naona watu wanalichukulia wepesi mno na linaniuma kwa sababu ethi inaokoa roho kabla ya kompyuta. Kwenye maeneo ya mawe, kama Makunduchi, chuma cha ethi kinagonga jiwe, fundi anakikata anafukia kipande, kazi imekwisha. Mwambie aipime ethi mbele yako. Na ule mtindo wa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ipite, naomba sana tuache, watoto wanatuangalia.

Mwenye uwezo anunue UPS, kifaa chenye betri ya akiba, itampa dakika chache za kusevu kazi na kuzima vizuri, ila printa ya leza usiichomeke humo, inavuta sana.

Jengine, kompyuta za mezani zilizotumika nje zinazoingia kwa kontena, baadhi yao nyuma zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukaiwasha hapa inapasuka saa ile ile, na hapo umeme hauna kosa lolote.

Kompyuta ikiungua, ripoti ZECO, shirika letu la umeme, siku hiyo hiyo, sio baada ya wiki mbili. Taja namba ya mita yako ya TUKUZA, shehia, na saa iliyotokea, sema kama majirani wameathirika, piga picha, na kifaa usikifungue wala kukitupa mpaka kikaguliwe, kisha ujaze fomu ofisini na ubaki na nakala yenye muhuri. Usipojibiwa ukaridhika, ipo ZURA, mamlaka inayosimamia huduma za maji na nishati Zanzibar. Sisemi kila aliyeunguliwa atalipwa, kila lalamiko linaangaliwa peke yake. Lakini ukimwita fundi wa mtaani akapanda nguzo au akavunja sili ya mita, hilo ni kosa hata kama hukuiba umeme, unaweza kukatiwa huduma, kulipishwa na kufikishwa mahakamani, na lalamiko lako linakuwa gumu kulitetea.

Ukaguzi ukimalizika usikimbilie kuiuza kompyuta kwa bei ya vyuma chakavu. Mara nyingi kinachoungua ni pawa saplai tu, diski iko salama, na picha za familia na kazi za skuli za watoto zimo. Fundi mzuri anaichomoa na kuzihamisha kwenye mashine nyengine.