Ujumbe wa sauti wa usiku wa manane

Kosa langu kubwa kuliko yote katika uchungaji lilichukua dakika sita. Sikisii. WhatsApp huandika urefu wa sauti pale pale chini yake, na waumini wangu walinikumbusha hizo dakika sita kwa miezi.

Ilikuwa mwisho wa Aprili 2023. Msomaji wa Malindi hana haja ya kuambiwa mwezi ule ulikuwaje. Wewe wa mbali, kwa ufupi: katika msitu wa Shakahola, upande wetu wa bara, polisi walikuwa wameanza kufukua makaburi ya watu waliojinyima chakula hadi kufa, wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Watoto walikuwemo. Hesabu ilipanda kila jioni kwenye taarifa ya habari, na mwishowe ikapita 400. Miili ililetwa hapa mjini, na watu walishuka kwenye mabasi kutoka pembe zote za Kenya wakiulizia njia ya hospitali.

Kanisa letu halikuhusika kwa lolote. Ila tulikuwa na desturi ya kufunga siku tatu kabla ya Pentekoste, na mfungo ulikuwa kwenye kalenda tangu Januari. Jioni moja mama mmoja akaandika kwenye grupu: "Baba Mchungaji, mwaka huu kweli tunafunga?" Kufikia saa nne usiku jumbe zilikuwa zimepita mia. Wengine walisema kufunga sasa ni kujitafutia aibu, majirani watatuitia polisi. Wengine walisema tukiacha, tumemkana Kristo kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine. Kijana mmoja akatuma picha ya gari la polisi ambalo nina hakika halikuwa hata la Kenya. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole, akajitoa kwenye grupu bila neno.

Pale ndipo niliposhikwa. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, mke wangu kalala, nikarekodi. Nikautetea mfungo, nikawakemea wanaokimbia, nikataja mistari saba, nikatangaza mkutano wa dharura kesho yake jioni. Kulipokucha wazee wengine wawili walikuwa wamejitoa, na sauti yangu ilikuwa imeshafika Mombasa.

Siku hizi nawafundisha wachungaji wapya namna ya kuongoza kanisa lenye mvutano, na somo la kwanza huwa ile sauti. Nawawekea waisikilize. Maneno yenyewe hayana ubaya, mengine hata ni mazuri. Nawaambia wasikilize pumzi. Mtu anaongea kama anayekimbizwa na mbwa. Waumini waliofungua simu alfajiri hawakusikia hoja zangu za Maandiko, walisikia kwamba Mchungaji naye anaogopa. Mama yeyote aliyenyonyesha analijua hili: ukimpakata mtoto huku moyo wako unakwenda mbio, mtoto hashiki titi, hata ukimwimbia wimbo gani.

Maelezo ya kitaalamu ya jambo hili nimeyapata kwa watu wawili wa Marekani. Wa kwanza ni Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili. Kati ya 1954 na 1959, katika taasisi ya utafiti ya serikali kule Bethesda, Maryland, aliwaweka wagonjwa wake wodini pamoja na wazazi na ndugu zao, akawatazama jinsi wanavyoishi. Aliona kwamba hofu hairidhiki kukaa kwa mtu mmoja. Inatembea, inatafuta pa kutua, na mara nyingi hutua kwa yule asiye na nguvu ya kuikataa. Wa pili ni Edwin Friedman, rabi wa Kiyahudi aliyesoma kwake, ambaye katika kitabu chake cha 1985 aliyapeleka mawazo hayo kwenye masinagogi na makanisa: kusanyiko ni familia, na ugomvi wa kusanyiko hufuata njia za ugomvi wa nyumbani. Kiongozi, anasema Friedman, huisaidia familia hiyo zaidi kwa namna alivyo kuliko kwa mbinu anazozijua. Awe karibu na watu wake bila kumezwa na taharuki yao.

Hapa ndipo wahubiri wa pwani huleta mfano wa nahodha na jahazi. Nimeusikia mara nyingi mno, tuuache upumzike. Mimi namleta Haruni.

Musa kapanda mlimani, siku arobaini, harudi. Watu wakamkusanyikia Haruni: tufanyie miungu itakayotutangulia. Isome Kutoka 32 polepole, utaona hakuna hata swali moja alilowauliza. Jibu lake la kwanza ni kuwataka wavue pete za dhahabu. Sidhani kwamba Haruni alikuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mzuri asiyeweza kuvumilia watu wenye wasiwasi kumsimamia mbele ya hema, akawapa kitu cha kuwatuliza upesi. Na Musa alipomuuliza, akajibu jibu ninalolipenda kuliko majibu yote ya viongozi wa dini: niliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama huyu. Ndama alitoka mwenyewe! Nimekaa kwenye kamati za ujenzi ambazo madeni nayo yalitoka yenyewe.

Ile sauti yangu ilikuwa ndama. Sikuirekodi kwa sababu kanisa lilihitaji neno saa sita usiku. Niliirekodi kwa sababu mimi sikuweza kulala.

Asubuhi ile Mama Mchungaji aliisikiliza jikoni hadi mwisho, akaiweka simu kando ya sahani ya mbaazi, akaniuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?" Nikasema na kanisa. Akasema, "Mimi nimesikia unaongea na baba yako."

Sikuipenda. Lakini nilizaliwa wa kwanza katika nyumba ambayo baba akirudi kutoka mangweni, kwenye pombe ya mnazi, kazi yangu ilikuwa kukimbia kati ya uwanja na jikoni nikipeleka maneno mazuri huku na kule mpaka watu walale. Nilikuwa na miaka minane. Mtoto wa namna ile akikua akapewa kanisa, akiona watu wamenuniana mwili wake unaamka wote, miguu inataka kukimbia. Bowen mwenyewe, mwaka 1967, alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaeleza habari za ugomvi wa familia yake na jinsi alivyojaribu kubadili nafasi yake ndani yake. Wenzake walitarajia nadharia. Nami huwaambia wachungaji wapya: kabla hujachora ramani ya ugomvi wa kanisa, chora ule wa kwenu. Wengi hunung'unika. Mmoja alifunga daftari akaenda zake.

Basi, chai ilipoisha niliandika mistari mitatu kwenye grupu. Nimekosea kutuma ile sauti. Mkutano wa leo haupo, tutakaa Jumapili ijayo baada ya ibada. Anayetaka kuniona, nipo ofisini Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa saba. Kisha nikazima simu nikaenda kwa yule mzee aliyejitoa kimya.

Nilimkuta chini ya mkorosho anashona makuti. Tukaamkuana, akanisogezea kigoda, akaendelea. Anakunja jani juu ya fito, anapitisha uzi, anavuta, anachukua jani jingine. Nilikuja na hotuba kichwani. Nikajilazimisha kushika makuti. Ushonaji wangu ulikuwa mbovu, alinifumulia mara mbili. Tumekaa labda nusu saa hivi, ndipo akasema, bila kuinua macho, kwamba mtoto wa dada yake na watoto wake wawili waliingia Shakahola mwaka uliopita na hawajaonekana. Alikuwa ameshinda hospitalini siku tatu akiandikisha majina yao. Hakumwambia mtu kanisani, kwa aibu.

Hakuwa na neno lolote na mfungo. Aliona tu kwamba hawezi kukaa kwenye grupu linalobishana juu ya njaa.

Hili ndilo nililojifunza kwa gharama: kinachogombaniwa mezani mara nyingi ni kiti tu, mwenye kukikalia ni mwingine. Ugomvi wa kwaya juu ya sare huwa ni wa nani anazikwa na michango ya nani. Ugomvi wa lugha ya ibada, Kigiriama au Kiswahili, huwa na bibi wa mtu ndani yake. Ukikimbilia kuamua suala la mezani unaweza kuliamua vizuri kabisa, na wiki ya pili likazuka jingine lenye sura ile ile.

Jambo la pili ni pembetatu. Bowen aliona kwamba watu wawili wakizidiwa na mvutano, humvuta wa tatu ili wapumue. Kwetu pembetatu ina saa yake maalumu: baada ya adhana ya Isha, giza limeshaingia, mtu anapiga hodi. "Baba Mchungaji, sikuja kumsema mtu, lakini..." Hiyo "lakini" ina mlango na madirisha. Atakaa saa moja, ataondoka mwepesi, alale fofofo. Wewe utabaki macho, na Jumapili utamtazama msemwa kwa jicho jingine bila yeye kujua amekosa nini. Siku hizi namkaribisha mgeni, namsikiliza dakika chache, kisha namuuliza swali moja: umemwambia mwenyewe? Karibu kila mara jibu ni hapana. Namwambia nitamsindikiza hadi lango la huyo ndugu, nitakaa kimya wakiongea, ila maneno yake siyabebi mimi. Mathayo 18 inaanza hapo hapo, wewe na yeye peke yenu, na sijui tulijifunza wapi kuanzia kwa mchungaji. Wengine hukasirika. Mama mmoja wa makamo aliniambia, "Mchungaji, mwanangu, wa kabla yako alikuwa anasikiliza." Nikamwambia pole, mama, na nikampa chai.

Jumapili ya mkutano sikukaa meza ya mbele. Niliwaacha waseme, na wakasema, kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikawaambia nitakalofanya mimi: nitafunga hadi jioni, maji nitakunywa, na sitamuuliza mtu yeyote kama amefunga. Watoto, wajawazito na wenye dawa za sukari au presha hawafungi, na hilo si la kujadili. Milango itakuwa wazi, jirani akitaka kuchungulia achungulie. Basi. Sikuwaambia wao wafanye nini. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "mimi nitafanya hivi" na kusema "ninyi hamna imani", na watu huisikia hata kama hawawezi kuieleza.

Usidhani walipiga makofi. Familia nne zilihama, moja ikarudi. Na wiki mbili baadaye, pale nilipoanza kulala usingizi, likazuka suala la pesa za mabati. Friedman alitahadharisha juu ya hili: kiongozi akishasimama kwa utulivu, kusanyiko litamjaribu limrudishe mahali alipozoeleka, na upinzani huo ni dalili kwamba kitu kimesogea. Bila kujua hivyo ningerekodi sauti nyingine. Nilimwomba mweka hazina abandike hesabu ukutani, risiti na zote, na nikaenda kumtembelea mwenye malalamiko kwa habari ya mbuzi wake.

Lakini nitahadharishe jambo, maana kuna wachungaji wanaopenda somo hili kwa sababu mbaya. Sauti laini si ushahidi wa kitu. Mtu anaweza kuwaongoza wenzake shimoni bila kupandisha sauti hata mara moja, na sisi wa huku hatuna ruhusa ya kulisahau hilo. Mtoto akidhuriwa, mgonjwa akiambiwa aache dawa, sadaka ikiibwa, mtu akizuiwa kuonana na jamaa zake, hapo hakuna kushona makuti. Unapiga simu polisi siku hiyo hiyo, na mikono ikitetemeka, itetemeke. Mchungaji anayewaomba watu "watulie" ili habari isitoke nje, huyo anajituliza yeye.

Siku ya tatu ya mfungo tulikuwa wachache kuliko kawaida. Saa kumi na mbili jioni kina mama walileta uji wa mtama na mahamri. Yule mzee alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akapokea kikombe.

Machi 2024 familia zilianza kukabidhiwa miili, baada ya vipimo vya DNA. Miezi ikapita, ndipo yule mzee alipopigiwa simu, naye akanipigia mimi alfajiri. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti tangu saa mbili hadi baada ya saa saba. Katika muda wote huo nakumbuka aliniuliza jambo moja tu, kama nimekunywa chai.