Jua la Januari, mwezi mwandamo na bamvua: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Januari joto huzidi kwa sababu dunia imelikaribia jua."

Nusu ya maneno haya ni kweli, ndiyo maana dhana yenyewe haifi. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152. Kaskazi inavuma, mtu anatoka jasho hata kivulini, basi anaona hesabu imekubali. Lakini mpigie simu jamaa yako aliyeko Maskati, Oman. Januari hiyo hiyo kwao ndiyo miezi ya baridi, na Julai, jua likiwa mbali kuliko wakati wowote, wao wanaungua kwa digrii 40. Umbali wa jua ni mmoja kwao na kwetu Zanzibar, kwa hiyo sababu haiwezi kuwa umbali. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5, nusu inayoelekea jua (Januari ya kusini, Julai ya kaskazini) hupata miale iliyo wima zaidi na mchana mrefu zaidi. Ule ukaribu wa Januari huongeza mwanga kwa takriban asilimia 7 tu.

"Huku kwetu jua huwa utosini kila siku saa sita."

Mji wa Zanzibar uko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua huwa utosini hasa mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Pemba, kwa kuwa iko kaskazini kidogo, hutangulia siku chache Oktoba na huchelewa siku chache Machi. Saa zetu nazo zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki ilhali sisi tuko nyuzi 39, kwa hiyo tarehe 5 Machi jua hufika juu kabisa saa 6 na dakika 35, na tarehe 9 Oktoba saa 6 na dakika 10.

Jipimie mwenyewe. Chukua fimbo nyoofu ya mita 1, isimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, uinyooshe kwa timazi ya mwashi. Ikiinama kidogo tu, kivuli kitakudanganya. Siku hizo mbili kivuli hupotea chini ya fimbo. Jua likiwa juu kabisa mwishoni mwa Juni, utapata kivuli cha sentimita 57 kinachoelekea kusini, na mwishoni mwa Desemba sentimita 31 kuelekea kaskazini.

"Mwezi huwa mwembamba kwa kuwa kivuli cha dunia kimeufunika."

Hili hata walimu hulisema. Tazama mwezi mwandamo baada ya Magharibi: uko upande uleule ambao jua limezama. Kivuli cha dunia daima huangukia upande wa pili, mkabala na jua, kwa hiyo hakiwezi kuugusa. Nusu ya mwezi huwa inawaka wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona kutoka hapa. Kivuli cha dunia huufikia mwezi ukiwa mpevu tu, nako ndiko kupatwa kwa mwezi, kama usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, ulipofunikwa wote kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 4 kasoro dakika 7 hivi. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5, na mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli.

"Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu tu."

Bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja na mwezi mpevu, na huja vilevile mwezi unapoandama. Jua nalo huvuta bahari, kwa nguvu isiyofikia nusu ya ile ya mwezi. Jua na mwezi vikikaa kwenye mstari mmoja na dunia, pande zozote, nguvu zinajumlishwa. Vikikaa pembe mraba, zinapunguzana, tunapata maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika mita 4 hivi. Na kwa kuwa bamvua hufuata mpangilio wa jua na mwezi, saa zake hujirudia: maji hukauka kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hushuka mashambani wakati huo. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kama dakika 50.

"Angani hakuna mvutano, ndiyo maana wanaanga huelea."

Kwenye kituo cha anga kilicho kilomita 400 juu, mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote, wakiizunguka dunia kila dakika 90.

"Kupatwa kwa jua kutazame kwenye ndoo ya maji, au kwa filamu ya eksirei."

Vyote viwili vinaharibu macho, miwani ya jua pia, na madhara hayaumi yanapotokea. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka, na kwetu sehemu yake. Toboa kadibodi kwa pini, tundu la milimita 1. Lipe jua mgongo, shika kadibodi begani mwanga upite, na weka karatasi nyeupe mita 1 nyuma ya tundu: utaona jua la milimita 9, limemegwa. Ukilipanua tundu, picha hufifia kingo.