Je, mhalifu hujulikana kwa sura?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, na ukimtazama vizuri utamjua: taya pana, paji lililorudi nyuma, macho makali. Imani hii iliwahi kuvaa joho la sayansi. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia alichapisha kitabu kilichodai hivyo, baada ya kuchunguza mafuvu na sura za wafungwa.

Na wasiofungwa je? Hapo ndipo penye kiini. Mwaka 1913, Uingereza, yalichapishwa matokeo ya vipimo vya wafungwa wapatao 3,000, wakilinganishwa na wanafunzi wa vyuo vikuu na askari. Umbo la pekee la mhalifu halikuonekana.

Urithi una sehemu yake, lakini hakuna jeni moja ya wizi; malezi na mazingira huchangia sana. Nadharia nyingine, ya karne ya 18, ilisema mtu hupima faida na adhabu kabla ya kutenda. Ina ukweli, ingawa haimwelezi vizuri anayetenda kwa ghadhabu.

Ukikutana na dai la namna hii, uliza: waliopimwa walilinganishwa na nani? Kisha ziba maandishi yaliyo chini ya picha ya mtuhumiwa, utazame uso peke yake. Kila nikifanya hivyo, ule “ukali wa macho” hunipotea.