Kabla Hujaniuliza Bei ya Amplifaya

Swali hili nimelichoka. Mtu ana redio nzuri ya ridhaa, ya kurusha na kupokea, ya wati 100, antena kaifunga kwenye mwembe kimo cha dirisha, halafu: "Fundi, nikipata amplifaya ya wati 400 ya kuongeza nguvu ya kurusha, nitafika Japani?"

Tupige hesabu. Kutoka wati 100 hadi 400 ni ongezeko la desibeli 6. Kwenye mita ya anayekupokea, inayopima nguvu ya ishara kwa hatua za S, hiyo ni S moja: alikuwa anakusoma S5, sasa S6. Basi! Waya wako je? Dipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya megahezi 14, yenye urefu wa mita 10 hivi, ikining'inia mita 3 kutoka ardhini, nguvu nyingi hupanda wima. Ionosfera, tabaka la juu la angahewa, hurudisha vizuri wimbi linaloijia kimshazari. La wima mara nyingi huipenya likapotelea angani. Pandisha waya huohuo hadi mita 10, yaani nusu ya urefu wa wimbi, nguvu italala kuelekea mbali. Hujanunua hata wati moja. Na wewe wa Isamilo, hapa Mwanza, unayeishi juu ya majabali na mteremko mbele yako, unalalamikia nini hasa?

Tena amplifaya haikuongezei masikio. Wengi wanaitwa kutoka mbali na hawasikii, kwa sababu chaja za simu, taa za LED na kontrola ya sola vinavuma ndani ya redio. Washa redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, uangalie mita inashuka kiasi gani. Kisha rudisha umeme, uwashe kimoja kimoja mpaka umkamate mchawi. Nawaambia kila siku, wanaofanya ni wachache.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Ziwa linasaidia wimbi kama bahari." Hapana. Bahari hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi. Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Faida ya kukaa Capri Point ni uwazi wa mbele tu.

"SWR ni 1.1, kwa hiyo antena ni nzuri." SWR huonyesha tu kama nguvu inarudi kwenye redio. Hata dami lodi, mzigo bandia wa kujaribia redio unaogeuza nguvu yote kuwa joto, itakupa 1.1.

"FT8 si redio, ni kompyuta." FT8 ni njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio iliyounganishwa na kompyuta. Wimbi linatoka kwenye antena yako, sasa si redio kivipi? Joe Taylor na Steve Franke waliitoa 2017, na husoma ishara iliyozama desibeli 20 hivi chini ya kelele. Ionosfera ikiwa na hali nzuri, wati 5 zinavuka bara.

"Wati 5 hazihitaji leseni." Zinahitaji. Nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.