Figo na saratani, wapi na wapi? Maswali kuhusu utafiti wa Peter Ratcliffe

Ndugu yangu anaumwa figo. Hajajeruhiwa, hatoki damu popote, lakini kila akipimwa anaambiwa damu imepungua. Inakwenda wapi?

Haiendi popote. Tatizo ni kwamba haitengenezwi ya kutosha. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na kuondolewa, na mwili hulazimika kutoa mpya kiasi cha milioni 2 kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na uboho ulio ndani ya mifupa. Uboho nao haujiamulii, husubiri amri, na amri yenyewe ni homoni iitwayo eritropoietini, ambayo wengi huifupisha EPO. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya homoni hiyo hutoka kwenye figo. Figo zikichakaa amri hufifia, uboho ukazubaa. Ndiyo maana ndugu yako anahema akipanda ngazi na viganja vyake vimepauka, ilhali hajadondosha hata tone.

Hapo pia utaelewa kwa nini vidonge vya madini ya chuma peke yake mara nyingi havimtoshi. Chuma ni malighafi, na yeye amekosa mtoa amri.

Nimesoma kwamba daktari wa figo alipata Tuzo ya Nobel kwa jambo linalohusu saratani. Ni nani huyo?

Ni Sir Peter Ratcliffe, Mwingereza aliyezaliwa Lancashire mwaka 1954. Shuleni alipenda kemia na aliwaza kwenda kuifanyia kazi viwandani. Amesimulia kwamba asubuhi moja mwalimu mkuu alitokea darasani akamwambia, kwa utulivu wa kutisha, kuwa anaonelea asomee udaktari. Akafuata ushauri huo: Cambridge, kisha hospitali ya St Bartholomew's jijini London, hatimaye Oxford, ambako alibobea katika magonjwa ya figo.

Utafiti wake wa mwanzo haukuhusu saratani hata chembe. Alichunguza jinsi figo zinavyoumia zikinyimwa oksijeni, kama inavyotokea kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeporomoka. Humo ndimo alimokutana na swali lililomganda: figo inajuaje kwamba oksijeni imepungua, hata ijue ni saa ya kutoa EPO? Wapo waliomwona anahangaika na jambo dogo la homoni moja ya kiungo kimoja.

Mwaka 2019 alishirikiana tuzo ya Nobel ya Tiba na Wamarekani wawili, William Kaelin na Gregg Semenza. Siku hiyo alipigwa picha akiwa mezani, anaendelea kuandika ombi la fedha za utafiti. Nobel au si Nobel, tarehe ya mwisho ya maombi haikusogezwa.

Kwa nini kazi ya kupima oksijeni wakapewa figo? Mbona si mapafu, au moyo?

Swali hili nalipenda, maana jibu lake linaonyesha figo ni kiungo cha ajabu kiasi gani. Figo zote mbili hazifiki asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja maji kiasi cha lita 180. Wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Nyingine zote zimerudishwa kwenye damu, pamoja na chumvi yake, na kuirudisha chumvi ndiyo kazi nzito inayokula oksijeni ya figo.

Sasa angalia ujanja wake. Damu inayoingia kwenye figo ikipungua, maji ya kuchujwa hupungua, chumvi ya kurudisha hupungua, na matumizi ya oksijeni hupungua vilevile. Mapato na matumizi hupanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo kasi ya damu ikibadilika kidogo, kiwango cha oksijeni ndani ya figo hakitikisiki sana. Kinachokitikisa ni damu yenyewe kubeba oksijeni kidogo, yaani chembe nyekundu zikiwa chache. Moyo au msuli hauwezi kuwa mpimaji wa namna hiyo: ukipanda kilima tu, matumizi yake yanaruka, nao ungepiga kelele kwamba damu imekwisha wakati ipo tele.

Seli zinazotoa EPO zimejibanza katikati ya mirija midogo ya figo, mahali ambapo oksijeni huwa haizidi. Pamechaguliwa vizuri.

Ilikuwaje akatoka kwenye figo akaingia kwenye saratani?

Hakutoka. Swali lake ndilo lililompeleka.

Semenza, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na Ratcliffe kule Oxford, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wanachunguza kipande cha DNA kilicho jirani na jeni ya EPO. Kipande hicho ni kama swichi: oksijeni ikipungua, kinaiwasha jeni. Kundi la Ratcliffe likafanya jaribio ambalo ungedhani halina maana. Walikichukua kipande hicho wakakiweka kwenye seli za aina nyingine, zisizohusiana na figo wala ini na zisizotoa EPO kabisa. Swichi ikafanya kazi humo pia! Maana yake, uwezo wa kuhisi oksijeni haumo kwenye figo tu. Karibu kila seli ya mwili inao. Figo inautumia kutengeneza damu, na seli nyingine zinautumia kwa shughuli zao. Jarida la Nature liliikataa makala hiyo mwaka 1992, na ikatoka kwenye jarida jingine mwaka uliofuata. Barua ya kukataliwa aliitunza.

Semenza naye akaipata protini inayoishika swichi hiyo, akaiita HIF. Likabaki fumbo moja: HIF hutengenezwa muda wote, lakini oksijeni ikiwepo hutoweka ndani ya dakika chache. Nani anaiangamiza?

Jibu lilitoka kwa madaktari wa saratani. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao von Hippel-Lindau, ambao katika familia moja huleta uvimbe machoni, kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye figo. Chanzo chake ni jeni ya VHL iliyoharibika. Kaelin, aliyekuwa anaichunguza jijini Boston, alishangazwa na tabia za uvimbe huo: umejaa mishipa ya damu, na baadhi ya wagonjwa wana chembe nyekundu nyingi kupita kiasi. Ni kana kwamba uvimbe unatoa amri za mtu aliyekosa hewa. Mwaka 1999 kundi la Ratcliffe lilionyesha kwamba protini ya VHL ndiyo inayoikamata HIF na kuipeleka ikavunjwe. Mwaka 2001 makundi yote mawili, la Kaelin na la Ratcliffe, yakaeleza VHL inamtambuaje wa kukamatwa: oksijeni ikiwepo, kimeng'enya maalumu huibandika HIF alama, na alama hiyo yenyewe imetengenezwa kwa oksijeni. Oksijeni ikikosekana hakuna cha kubandika, HIF inapona, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kutengeneza damu, kuotesha mishipa na kutumia sukari kwa namna nyingine.

Sasa iharibu VHL. HIF haikamatwi tena hata hewa ikiwa tele. Seli inalia kwamba inakosa hewa, kumbe imezama ndani yake, na inajioteshea mishipa ya damu usiku na mchana. Saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, ile ya seli angavu, huwa hivyo: kwa wagonjwa wake wengi VHL imeharibika ndani ya uvimbe, hata kama hawakuirithi.

Sawa. Mgonjwa kapata nini?

Kapata dawa za pande mbili, na hapa ndipo ninapofurahi. Upande mmoja kuna vidonge vinavyokizuia kile kimeng'enya kinachobandika alama. HIF inapanda, EPO inapanda, na damu ya mgonjwa wa figo inaongezeka bila kuchomwa sindano za EPO. Roxadustat ni mojawapo, na China iliidhinisha mwaka 2018. Upande wa pili kuna belzutifan, inayoizima HIF. Marekani iliidhinisha mwaka 2021 kwa wenye ugonjwa wa von Hippel-Lindau. Athari yake mojawapo inayoonekana mara nyingi? Upungufu wa damu. Ukishaelewa swichi, wala hushangai.

Basi mgonjwa wa saratani aliyepungukiwa damu achomwe sindano za EPO tu?

Asikimbilie. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali: katika baadhi ya majaribio, wagonjwa wa saratani waliochomwa sindano hizi uvimbe wao ulikua haraka zaidi au walikufa mapema. Hata kwa mgonjwa wa figo, madaktari hawalengi kuipandisha damu hadi kiwango cha mtu mwenye afya, kwa sababu hatari ya damu kuganda na kiharusi huongezeka. Kwa hiyo ukiona daktari ameridhika na kipimo ambacho wewe unakiona bado kiko chini, hajakupuuza. Muulize analenga kiwango gani na kwa nini.

Dalili za saratani ya figo ni zipi?

Mara nyingi hakuna, na uvimbe hugunduliwa kwa bahati mtu akipigwa ultrasaundi kwa shida nyingine. Zikijitokeza huwa ni damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni yasiyoisha, uvimbe unaogusika au kukonda bila sababu. Damu kwenye mkojo ina vyanzo vingi visivyo saratani, kama mawe, maambukizi au kichocho, lakini kapime hata kama imetoka mara moja tu na haikuuma. Kinachoongeza hatari ni sigara, unene uliopitiliza na shinikizo la juu la damu.

Mama yangu alitolewa figo kwa sababu ya uvimbe. Na mimi nipimwe?

Inategemea. Saratani nyingi za figo hazirithiwi. Lakini mwambie daktari wako kama mama aliugua akiwa bado kijana, kama figo zote mbili zilikuwa na uvimbe, au kama katika ukoo kuna mtu mwenye uvimbe wa ubongo au wa jicho. Mzazi mwenye jeni ya VHL iliyoharibika humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50, na kipimo chake ni cha damu tu. Anayekutwa nayo hufuatiliwa macho, ubongo, uti wa mgongo na figo kwa ratiba maalumu, kuanzia utotoni, ili uvimbe ushughulikiwe ungali mdogo. Ukienda, beba ripoti ya maabara ya uvimbe wa mama kama bado ipo.